Fundi wa Intaneti Juu ya Paa la Alhaji

Nimeaibika leo. Mchana kweupe, juu ya paa la bati, mbele ya madereva wa nchi mbili.

Nawaandikia mapema kabla hamjalisikia kwa fundi mwenzangu Gwakisa, maana yeye ataongeza chumvi, na jambo lenyewe halihitaji chumvi.

Kazi yangu mnaijua. (Wale ambao mama yangu kule Isongole amewaambia mimi ni injinia wa mitambo, endeleeni kumwamini.) Tunafunga intaneti ya antena majumbani na maofisini. Mnara wetu uko mlimani. Kwa mteja tunaweka sahani ndogo juu ya paa, na hiyo sahani lazima itazamane na antena ya mnarani. Zikitazamana, mteja anapata intaneti. Zisipotazamana, mteja anatutazama sisi.

Leo ilikuwa zamu ya Alhaji Shabani. Huyu ni mtu wa Kondoa, aliingia Tunduma na lori moja bovu, sasa ana yadi nzima ya malori jirani na forodha. Karatasi za mizigo yake zinatumwa kwa barua pepe kutoka Dar, na kila zikija inabidi amtume mtu akapange foleni kwenye intaneti ya mjini, huku lori limesimama barabarani. Wafanyabiashara wenzake walikuwa wanasubiri waone kwake kwanza. Meneja wetu asubuhi alituambia kwa upole sana, "Mkiharibu kwa Alhaji, mmeharibu mji mzima." Meneja wetu akiwa mpole ujue hali ni mbaya.

Basi Gwakisa akaenda mlimani, akajifunga mkanda kwenye mnara ili aigeuze antena ya upande ule. Mimi nikapanda juu ya paa la ofisi ya Alhaji. Simu nikaitia mfukoni, waya nikaupitisha ndani ya shati mpaka masikioni, mikono ibaki huru kushika sahani. Kwa hiyo mtu aliye chini haoni simu. Anamwona mwanaume juu ya bati akiongea peke yake.

Halafu kuna lugha ya kazi. Sahani yangu ikipata mawasiliano na mnara, taa za nyuma yake zinawaka, na sisi mafundi tunasema "nakuona". Hakuna anayeona mtu. Tunaona taa. Naomba hilo lieleweke.

Nyuma ya yadi kuna ukuta, na ng'ambo ya ukuta kuna nyumba ya Mama Tumaini, balozi wa nyumba kumi wa mtaa ule. Mama Tumaini ana bafu la uani. Lina kuta nne safi za matofali. Paa halina. Hayo yote mimi sikuyajua, kwa sababu nilikuwa nimetazama mlimani na bafu nimelipa mgongo.

Upepo ulikuwa mkali na malori yalikuwa yananguruma, ikabidi nipaze sauti.

"Geuka kushoto kidogo," nikamwambia Gwakisa, maana kwetu fundi na antena yake ni kitu kimoja.

Taa moja ikawaka.

"Vizuri. Taratibu. Geuka tena."

Taa ya pili.

"Sasa inua juu kidogo. Umezidisha, shusha. Hapo hapo. Usisogee."

Taa zote zikawaka. Nikafurahi kuliko kawaida. (Tulikuwa tumehangaika tangu asubuhi, msinihukumu.)

"Nakuona vizuri kabisa," nikapiga kelele. "Kaa hivyo hivyo, nimwite Alhaji naye aje aone."

Nyuma yangu sauti ya mwanamke ikasema, bila haraka, "Wewe uliye juu ya bati. Shuka."

Nikageuka. Hapo ndipo nilipokosea. Mpaka wakati huo nilikuwa sijaona kitu, na ningeweza kuapa popote. Sasa nikamwona Mama Tumaini, kichwa na mabega juu ya ukuta wa bafu, kanga ameibana kifuani, povu la sabuni limejaa kichwani. Naye aliniona nikimwona.

"Shikamoo mama," nikasema. Sijui kwa nini. Hata sasa nalifikiria.

Akaita majirani.

Watu hawakukawia kujaa. Madereva wa foleni, wabadilisha fedha, kina mama wa mahindi ya kuchoma. Mmoja ameshika fimbo ya kuchungia ng'ombe na sijui ng'ombe mwenyewe alikuwa wapi. Dereva mmoja Mzambia akatikisa kichwa akasema, "Awe mwandi," ambayo kwa Kibemba ni kama kusema hapana jamani, na wenzake wakamwitikia. Wote wakawa wananiambia nishuke. Ngazi walikuwa wameiondoa ili nisikimbie.

"Nitashukaje?" nikauliza.

Walijadiliana kidogo, wakairudisha.

Alhaji akatoka ofisini, tasbihi mkononi. Mama Tumaini naye akafika, amevaa gauni, povu bado liko masikioni. Akaeleza mashtaka kwa utaratibu wa balozi aliyezoea kusikiliza kesi za wengine.

"Nilikuwa naoga. Nikasikia mwanaume juu anasema geuka kushoto. Nina sabuni machoni, sioni kitu. Akasema taratibu. Akasema geuka tena. Mwisho akasema ananiona vizuri kabisa na anakuita wewe, Alhaji, uje uone."

Watu wakamgeukia Alhaji. Alhaji akaacha kuhesabu tasbihi.

"Mimi?"

"Wewe."

"Na uligeuka?" akauliza dereva mmoja kutoka nyuma.

Mama Tumaini akafuta povu sikioni.

Nikaeleza habari za mnara, sahani na taa. Nikawaonyesha waya wa masikioni. Mwenye fimbo akasema wezi wote siku hizi wana waya masikioni. Nikaomba nimpigie Gwakisa wamsikie wenyewe. Simu ikanasa mtandao wa Zambia, kama zinavyofanya simu zote za hapa, ikakataa kupiga. Nikajaribu tena, jasho linanitiririka, ikakubali. Nikaweka sauti ya nje.

Nilitaka kumtahadharisha. Gwakisa hakunipa nafasi.

"Kaka, vipi, Alhaji ameshaona?" akasema. "Mwambie afaidi. Nikimaliza hapa nami nashuka kuja kuona."

Nilikata mwenyewe.

Kilichoniokoa ni Alhaji, ambaye sasa alikuwa na jina lake la kulinda. Akamwagiza mlinzi wake, Jumanne, apande asimame pale pale niliposimama, ashike sahani kama nilivyoishika. Jumanne akapanda.

"Unaona nini?" Alhaji akauliza.

"Mlima. Na mnara, kuna mtu ananing'inia."

"Bafu?"

"Liko nyuma. Mpaka nigeuke."

"Geuka."

Jumanne akageuka. Akatazama. Akaendelea kutazama.

"Naona ndoo, dodoki na kandambili," akasema. "Mtu akiwemo anaonekana mwili mzima, Alhaji. Hapa ni pazuri."

"Shuka," akasema Mama Tumaini.

Watu wakaanza kucheka, na mwenye fimbo akaiegemea, nikajua nitalala nyumbani. Mama Tumaini alinisogelea, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Kwa hiyo wakati ule hukuniona?"

"Sikukuona, mama."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo. Nilikupa mgongo."

Nilitegemea aridhike, lakini naapa uso wake ulionyesha kama nimemkosea kwa namna nyingine.

Hukumu ikatoka papo hapo. Kazi ya paa itaendelea, ila kwanza bafu lipauliwe. Alhaji akatoa bati mbili za akiba, misumari nikaitoa kwenye mkoba wetu. Mtaalamu wa mawasiliano akashinda mchana juu ya bafu la balozi, na mwenye bafu amekaa kwenye kigoda chini, akimwelekeza. "Sogeza kushoto," ananiambia. "Taratibu." Gwakisa alifika akakuta hali hiyo. Alicheka mpaka akakaa chini. Hakunisaidia hata msumari mmoja.

Jioni nikarudi ofisini kwa Alhaji kumalizia waya. Mkewe, Bi Zuhura, akaja kujaribu. Wana binti anasoma India, na huwa wanasikia sauti yake tu, tena kwa kukatika katika. Nikawaunganishia simu ya picha kwenye kompyuta. Binti akatokea, Bi Zuhura akafuta machozi kwa mtandio, Alhaji akatazama pembeni. Nikajisikia vizuri kwa mara ya kwanza leo.

Kisha Bi Zuhura akavuta kiti. "Mwanangu, ngoja nikuhadithie ya hapa leo."

Alihadithia yote, sabuni na kugeuka, tena kwa vitendo. Alipomaliza akaizungusha kompyuta ikanielekea mimi nikiwa nimechuchumaa na koleo. "Ndiye huyu."

Binti alicheka mpaka akatoweka kwenye picha, akarudi, akacheka tena. Picha haikuganda. Sauti haikukatika. Kama fundi, sina la kulalamika.

Kama mtu, anayejua nafasi ya kazi Mbeya mjini anishtue. Ikiwezekana ghorofa ya chini.