Kapiteni wa Chombo cha Matofali

Jumatatu, 3 Juni
Nimechoka. Matofali mia nne tangu asubuhi. Mgongo si wangu tena.
Lakini kuna habari. Sylvain wa Uvira, yule anayepiga video za harusi hapa kambini, anatengeneza upya mchezo wa zamani wa televisheni, ule wa watu wanaohamia kwenye nyota. Wazee wetu waliutazama kila Jumamosi nyumbani kwa padri. Stesheni moja ya Lilongwe imekubali kuuonyesha. Nikaomba ukapiteni. Sylvain akanitazama toka miguu hadi kichwa, akasema nitakuwa zimwi. Zimwi linavaa gunia la mahindi. Gunia zima! Hata jicho halionekani. Kapiteni ni Hubert, kinyozi. Eti ana meno mazuri.
Shida ni kwamba jana nilimpigia dada yangu Irangabiye kule Rumonge, nikamwambia kapiteni ni mimi. Ameshatangaza kanisani.

Jumanne, 4 Juni
Sylvain anatafuta mtu wa kuunda chombo cha angani. Maboksi na mianzi tu, kiwe chepesi, baadaye kipakiwe kwenye lori kwenda Lilongwe. Nikasema fundi ni mimi. Akakubali bila kufikiri. Vizuri.
Nitakijenga kwa matofali, kwenye kiwanja changu. Matofali hayapakiwi. Wote watalazimika kuja kwangu, na mwenye kiwanja ndiye anayesema nani ni nani. Sijui kwa nini watu wanasumbuka na shule.

Jumamosi, 8 Juni
Kimekwisha! Duara safi, juu kimechongoka, dirisha la mviringo, mlango wa mbao wenye kitasa. Msingi nimeuchimba hadi magotini. Bila msingi mkono wangu unakataa kujenga.
Sylvain alifika kwa kabaza, akashuka kwenye baiskeli, akakizunguka mara tatu.
“Kaka Cishahayo,” akasema polepole, “mi nilikuomba kitu cha kuruka. Hiki iko na msingi.”
Nikamjibu kwamba kuruka ni kazi ya kamera. Akakaa chini. Kupiga picha ni Jumanne, chombo kingine hakuna. Hapo nikatoa sharti langu. Akakubali: kapiteni mimi, gunia la Hubert. Hubert akasema mbele ya watu kwamba hajawahi kuona kapiteni mwenye udongo masikioni. Wivu huo.

Jumanne, 11 Juni
Balaa.
Jana nilikuwa Mitundu kwenye kibarua. Leo asubuhi nafika na koti la ukapiteni, naona moshi unatoka kwenye ncha ya chombo. Harufu ya maharage. Gakiza, kiongozi wa bloku yetu, alikuwa amepita akaona nyumba mpya, ina mlango, haina mtu. Wakimbizi wapya bado wanalala hemani. Akampa mama mmoja wa Fizi, Madeleine, na watoto wake wanne.
Nilimkimbilia Gakiza, nikamweleza kwamba hiyo si nyumba, ni chombo cha kwenda kwenye nyota. Akauliza kama kinavuja. Nikamwambia kwa hasira kwamba mimi sijengi kitu kinachovuja. Akaandika kwenye daftari lake: nyumba nzuri.
Nikaenda kwa mama mwenyewe. Nikamweleza hayo hayo.
“Tumelala kanisani, tumelala ku masomo, tumelala juu ya lori ya makaa,” akasema. “Na mu chombo tutalala, baba. Mungu akubariki.”
Kisha akanipakulia maharage. Nikala. Sasa mtu utamfukuzaje na maharage yake yako tumboni mwako?
Sylvain hata hivyo alijaribu. Moshi aliupenda sana. Lakini kila nilipoinua mkono na kusema tunaiaga dunia, mtoto mdogo alifungua mlango na kutoka na ndoo ya maji machafu. Mara tatu! Sylvain akafunga kamera.

Alhamisi, 13 Juni
Lilongwe, Old Town, kwa ruhusa ya kutoka kambini siku moja. Nimemkuta Sylvain kwenye ghala. Ameomba maboksi kwa wauza jumla, amemaliza chombo kwa asubuhi moja. Kinainuliwa na watu wawili. Kapiteni ni Hubert. Gunia lina mtu wake tayari.
Nikasihi. Nikasema habari za dada yangu na kanisa zima. Sylvain akapekua karatasi, akasema imebaki nafasi moja: maiti ya kwanza, dakika ya nane. Unaanguka kifudifudi, uso chini, husemi kitu.
Nimekubali. Hubert ananipa pole.

Jumapili, 16 Juni
Nimempigia Irangabiye. Nimemwambia kapiteni anakufa mapema, watu wasichelewe kukaa. Akauliza kama nitasema neno kabla ya kufa. Nikasema hotuba fupi.
Sylvain hajui bado. Nitaanguka chali, uso kwenye kamera, macho wazi, nianze: “Mimi, kapiteni wenu...” Kamera ikishakamata, imekamata. Leo nimejizoeza kuanguka mara kumi na nne mbele ya chombo changu. Madeleine anasema ya tisa ndiyo ilikuwa bora.
Irangabiye akauliza nani ataongoza nikishakufa. Nikamwambia asihofu, kuna kinyozi mmoja atanishikia nafasi hadi nirudi.