Wanavyomchukia Daktari Kaliza

Jumatatu, 6 Oktoba
Gikondo. Zege tangu alfajiri. Mgongo umekufa. Mchana tumesikiliza mchezo wa redio kwenye simu ya mwenzetu Mucyo. Daktari Kaliza amemtibu mtoto, akanawa mikono, akaondoka bila neno kwa mama mtu. Wabeba zege wote wakazomea: yuu! Mucyo akasema mwanamke huyo ana barafu kifuani. Sababu naijua. Kaliza amekulia Tanzania. Wanachukia wageni! Na mimi ni wa Kasulu, Tanzania hiyohiyo, ng'ambo ya mpaka. Ijumaa Gasana, kapita wetu msimamizi, anachagua watu sita wa jengo jipya la Kibagabaga, na atawauliza wenzetu nani anafaa. Wengine kazi basi. Nimekwisha.

Jumanne, 7 Oktoba
Mpango! Nimewaambia nina binamu redioni (sina), na kwamba itafichuka Kaliza ni mzaliwa wa hapa hapa Gikondo. Wakianza kumpenda, ni ubaguzi, nitawaumbua mbele ya kapita. Mucyo kaweka kijiko chini. Wa hapa hapa, halafu hasalimii? Basi ni mbaya maradufu! Sasa wanataka binamu yangu amfukuze.

Jumatano, 8 Oktoba
Nimembana Illuminée, mchota maji wetu. Mbona Gasana hacheki wala hasalimii, na mnamwita mtu wa kazi? Amecheka, akatua ndoo, akasema: Hapo umesema kweli, kaka, mwanamke hasamehewi ukimya. Nikafurahi! Akaongeza: lakini Shafiq, yule fundi cherehani wa mchezoni, naye katoka nje ya nchi, na akiumwa tunamlilia. Anauliza watoto wameamkaje. Akanitazama. Wiki jana nilikwambia mwanangu amelazwa, ukaniuliza beleshi liko wapi.
Nililihitaji beleshi!
Kwetu nilikuwa msemaji. Hapa, jioni, sina nguvu hata ya kujisemesha mwenyewe. Labda Kaliza naye amechoka tu. Hakuna aliyemuuliza.

Alhamisi, 9 Oktoba
Mpango mpya: salamu. Nimempa mkono kila mtu, mmoja mmoja, kama wanavyofanya wao. Mwaramutse! Watoto wameamkaje? Mucyo akasema hana mtoto, nimtafutie mke kwanza. Wote hoi kwa kicheko. Nilipofika kwa mtu wa kumi na nane, zege likawa limeganda kwenye karai. Gasana amefoka mpaka kofia ikaanguka.

Ijumaa, 10 Oktoba
Gasana amelitaja jina langu. Mucyo anatazama viatu vyake. Illuminée akasimama, kitoto chake, kile kilicholazwa, mgongoni. Akasema huyu habebi maneno, anabeba makarai mawili mawili, amechoka, si mbaya, aende. Mucyo akaitikia. Na wengine.
Nimepita! Nikakimbilia stoo kuwahi beleshi zuri kabla ya wengine. Kurudi, Illuminée bado amesimama palepale, amemhamishia mtoto kifuani, ananitazama kama anasubiri kitu. Nikamuuliza ndoo yake ameiacha wapi.
Amenuna. Ameondoka bila kuaga.
Si niliandika tangu Jumatatu? Wanachukia wageni.