Ukaguzi Wangu wa Mwisho, Juu ya Mawingu

Jumatatu, 3 Machi

Tiketi imefika. Daraja la biashara! Jina langu limeandikwa kwa herufi kubwa na halina kosa hata moja. Aliyeinunua ni Dada. Hapo ndipo panaponiuma.

Dada anaishi ng'ambo kwa mwanawe. Ananizidi miaka miwili, na hajaacha kunikumbusha tangu nilipojifunza kuhesabu. Ujumbe wake wa sauti ulikuwa mfupi: Kiroboto, njoo tuonane kabla mmoja wetu hajazikwa, kiti kinalala kama kitanda, utadhani umekufa ukapokelewa vizuri. Yeye alipanda daraja hilo miaka mitatu iliyopita, na tangu hapo ukoo mzima haujapumzika. Leso za moto za kufutia uso. Juisi kwenye bilauri ya kioo, si kikombe cha plastiki. Wahudumu wanaokuita kwa jina. Mtu akimpigia simu ya pole, anahadithiwa ndege.

Daktari anasema moyo wangu umechoka. Ameniruhusu nisafiri kwa sharti moja: nilale njia nzima. Kwa hiyo siwezi hata kuikataa tiketi ya Dada nikapanda nyuma kwa heshima zangu.

Nakiri mapema, maana daftari hili litafunguliwa nikishaondoka. Nimekuwa mkaguzi wa shule maisha yangu yote ya kazi. Hakuna shule iliyowahi kupata mia kwangu, na ndege haitapata. Nitaikagua. Nitaipa hamsini na mbili, kisha nimwambie Dada ana kwa ana kwamba alibabaishwa na leso. Na nitamwambia nikiwa nimesimama! Alishatangaza mbele ya watu kwamba siku nikimtembelea nitaletwa kama kabati. Tutaona nani kabati.

Jumatano, 5 Machi

Mazoezi ya kutembea. Kitandani hadi dirishani, vizuri. Dirishani hadi jikoni, vizuri kiasi. Jikoni nilikaa juu ya ndoo iliyofunikwa nikamwambia binti yangu kwamba nakagua sakafu. Akasema sakafu imefurahi kukaguliwa, sasa nimeze vidonge. Binti yangu ni mwalimu wa chekechea na huzungumza nami kikazi.

Tutasafiri pamoja, mimi mbele, yeye nyuma. Leo nimegundua hila yake: ameagiza kiti cha magurudumu, cha kupandia na cha kushukia. Bila kuniuliza! Nimfikie Dada nikiwa nasukumwa!

Alipoingia kuoga nikalipigia simu shirika la ndege. Nilitumia sauti ya ofisini. Nikasema kumetokea makosa, abiria huyo anatembea. Binti wa simu akauliza kama nina uhakika. Nikamwambia nimewahi kufunga shule nzima kwa uhakika mdogo kuliko huu. Akafuta. Najivunia. Sauti bado ipo.

Nimejaribu suti ya kijivu niliyovaa siku ya kustaafu. Mimi nimepungua, suti haina habari. Nimetoboa tundu jipya kwenye mkanda kwa msumari. Mkanda umebaki mrefu, unaning'inia mbele kama mkia. Nimeuzungushia nyuma. Kwa mbali ni suti ya mtu mzito.

Ijumaa, 7 Machi. Uwanja wa ndege

Kasoro ndogo. Ukumbi wa kuondokea ni mrefu kupita inavyostahili, na mtu aliyeuchora hajawahi kuzeeka. Miguu ilinigomea karibu na mizani ya mizigo. Binti akaenda kuulizia kiti. Akaambiwa kimefutwa. Nani kafuta? Abiria mwenyewe. Akageuka akanitazama kwa yale macho anayomtazamia mtoto aliyekula chaki.

Hakunigombeza. Alileta toroli ya mizigo.

Naandika ukweli. Nimevuka ukumbi wote wa uwanja wa ndege nikiwa nimekaa juu ya sanduku, katikati ya mabegi, kofia kichwani, fimbo mapajani. Watu walipisha njia. Niliwapungia mkono. Mtoto mmoja alimwuliza mama yake yule babu anauzwa bei gani. Mama akamfunika mdomo, lakini naye alikuwa akicheka. Nilipokuwa kazini shule zilinipokea kwa gwaride, na sikumbuki kupata nafasi nzuri ya kuwaona watu kama hii ya leo.

Kwenye sebule ya daraja la biashara binti hakuruhusiwa kuingia. Nikaingia peke yangu, kwa fimbo. Viti vya ngozi, laini mno. Nimekaa, kikanimeza. Wito wa kupanda ndege ulipotoka sikuweza kuinuka. Waungwana wawili wakaninyanyua, huyu kwapa hili, yule lile. Niliwapa mkono wote wawili na kuwauliza wanafanya kazi gani, ikaonekana kama tumetambulishwa.

Viti vinavyomeza watu: nimepunguza alama nne.

Ijumaa hiyo hiyo. Angani

Nilianza kazi kabla mlango haujafungwa. Miwani. Kalamu. Nikapitisha kidole kwenye ukingo wa dirisha kutafuta vumbi, kama zamani. Hakuna. Nikainama kutazama chini ya kiti cha mbele. Hakuna.

Msimamizi wa wahudumu akaniona. Akaenda kunong'ona na wenzake nyuma ya pazia. Akarudi, mikono ameikunja kifuani, akaniuliza kwa sauti ya chini kama mzee nimepanda kikazi. Nikamjibu kwamba mimi nipo kikazi siku zote. Nakiri: sikudanganya, ila nilivua miwani taratibu wakati nasema. Kuanzia hapo nikawa na wahudumu watatu. Jirani yangu, jamaa aliyevaa kaptula kana kwamba yuko kwake, hakuwa na hata mmoja.

Leso ikaja. Moto! Inanukia ndimu. Dada alisema kweli, hasara kwangu. Bilauri ikaja. Kioo! Nikaigonga kwa ukucha, ikalia kengele. Hasara nyingine. Wakaniita kwa jina, tena wakatanguliza Mheshimiwa. Nikapata doa kwenye kijiko, moyo ukaruka kwa furaha. Lilikuwa kwenye miwani yangu.

Yule wa kaptula akaniambia nisishangae sana, yeye hupanda kila wiki, hamna kitu, ni basi tu lenye mashuka. Nilikasirika! Nilijikuta namtetea msimamizi, leso na rubani. Nilikuwa nimefika kwenye mashuka niliposhtuka kwamba hoja za yule bwana ndizo nilizopandia ndege kuzitafuta. Nikageukia dirisha. Aibu.

Vitufe vya kiti ni vingi. Nikabonyeza kimoja, miguu ikapanda. Nikabonyeza kingine, mgongo ukashuka. Nikavibonyeza vyote kwa mamlaka, nikajikunja katikati kama kitanda cha safari. Wahudumu watatu walinitazama bila kusogea, wakidhani ndivyo kiti kinavyokaguliwa. Mmoja aliandika kitu. Ilinibidi niseme, nikiwa na magoti karibu na masikio, kwamba sasa wanionyeshe wao wangefanyaje.

Mlo ulipokuja nikafunga maandazi mawili na kipande cha keki ndani ya leso, nikaagiza vipelekwe kwa binti yangu huko nyuma. Mhudumu akasema samahani, chakula cha mbele hakivuki pazia. Nikavua miwani. Chakula kikavuka. Jibu la binti likarudi: ahsante Baba, vidonge je?

Kisha wakanilaza. Msimamizi mwenyewe alinifunika blanketi mpaka kidevuni, akanichomekea pembeni. Sijachomekewa blanketi tangu mke wangu aondoke. Nje mawingu yalikuwa chini yetu, meupe, yamepangana, hayana haraka. Kifua hakikuniuma. Nikalala kama mtoto aliyeshiba. Nilipoamka uso ulikuwa umelowa, na kabla sijatafuta kitambaa mtu aliweka leso mkononi mwangu. Ya moto.

Naandika hapa tu, mahali ambapo hakuna atakayeona nikiwa hai. Mia. Mia kwa mia.

Kwa Dada itabaki hamsini na mbili.

Jumamosi, 8 Machi

Tumetua. Msimamizi akasema amewapigia simu wa chini, kiti cha magurudumu kipo mlangoni endapo nitakihitaji. Nikamtazama. Akadhani ni swali la mtihani. Akaagiza kiondolewe mara moja, akaniomba radhi.

Sisi wa mbele hufunguliwa mlango kwanza. Nikatoka. Kwa miguu! Binti yangu bado yuko nyuma, amebanwa na watu na mikoba. Ujia wa kwenda nje hauna mwisho, lakini mahali fulani sakafu inatembea yenyewe. Nikaipanda. Nikasimama wima, fimbo mbele, ukuta ukipita. Waliokuwa wanatembea kwa miguu yao niliwapita. Laiti Dada angeniona pale!

Sakafu ikaisha. Mimi nilikuwa bado naendelea.

Sikuumia. Nilikaa tu, ghafla, juu ya zulia, na kofia ikaenda mbele kidogo kuniangalizia njia. Yule wa kaptula ndiye aliyeiokota. Akaweka begi lake chini, akakimbia kutafuta kiti, akarudi nacho anahema. Aliniketisha. Huyu nimempandisha alama. Binti akatufikia. Alinifunga mkanda wa kiti kwa kuuvuta mara mbili.

Milango ikafunguka. Dada!

Amesimama. Ameshika chuma cha kuzuia watu, kidevu juu, khanga imekaa sawa, na mpwa wangu nyuma yake amekunjua mikono kama mtu anayesubiri chungu kianguke. Nilitamani kurudi ndani ya ndege. Dada akanitazama usoni. Akatazama viatu vyangu juu ya vikanyagio vya kiti. Kisha akaachia chuma na kushuka taratibu, na mpwa akasukuma kitu kutoka nyuma ya mgongo wake. Kiti cha magurudumu. Chake.

Akasema angejua naletwa nimekaa, asingejitesa kusimama.

Hajatembea tangu mwaka jana. Alimkataza kila mtu asiniambie. Nikamwambia, Kabati. Akasema kabati ni mimi, yeye ni sofa. Tulishikana mikono katikati ya njia, viti vimegongana magurudumu, mpaka mlinzi akatuomba tuwapishe wenzetu.

Jumatatu, 10 Machi

Chumba cha Dada kina dirisha linalotazama maegesho ya magari. Amekonda kuliko mimi ndani ya suti yangu. Wengine walipotoka alinisogelea akanong'ona: haya, Kiroboto, ilikuwaje?

Nilikuwa na hamsini na mbili mdomoni. Akaniwahi. Akasema nisijisumbue kumbishia, kwa sababu yeye mwenyewe hakuona kitu. Nesi aliyemsindikiza alimpa vidonge hata mkanda haujafungwa, akaamka ndege imeshatua. Leso, bilauri, kuitwa kwa jina, vyote alivisoma kwenye kijarida cha mfuko wa kiti wakati wanasubiri kumteremsha.

Miaka mitatu! Harusi, misiba, simu za sikukuu! Ushindi ulikuwa mkononi mwangu, mzima, haujaguswa. Ningeweza kuwapigia simu binamu wote kabla ya chai.

Lakini alikuwa ameshika mkono wa koti langu. Akasema nimhadithie, na nisimpunje.

Nikamhadithia. Harufu ya ndimu. Sauti ya kioo. Msimamizi na mikono yake kifuani. Hapo alicheka mpaka akakohoa, na nesi anayemhudumia hapa kwa mwanawe akaja kunitazama vibaya. Nikampa mawingu yote. Akiwa amefumba macho akauliza kama blanketi lilikuwa zito. Nikamwambia zito kiasi cha kujua kwamba kuna mtu amekufunika. Kisha akataka alama.

Nikasema mia.

Akasema mia ni nyingi mno, na kwamba siku zote nimekuwa mkaguzi laini.

Alhamisi, 13 Machi

Daktari wa huku ametupima wote wawili, siku moja, kama jozi ya viatu. Anasema miili yetu haifai kupanda ndege tena, tukae hapa tustareheshwe. Kijana mpole. Nimempa arobaini.

Dada anataka kwenda nyumbani. Amesema atalala karibu na Mama wakati ukifika, lakini kwanza aione leso kwa macho yake, yakiwa wazi, na nesi yeyote atakayemkaribia na kidonge atamng'ata. Akaniuliza, kwa kuwa nimekagua kila kitu, mbele yetu kulikuwa na nini. Nikasema pazia. Pazia gani tena? La daraja la kwanza. Tukatazamana. Akamwita mwanawe.

Binti yangu amekubali kutusindikiza, kwa kuwa amechoka kubishana. Ameagiza viti viwili vya magurudumu na ametutangazia usoni, kwa sauti ya chekechea, huku akituonyesha vidole viwili. Tumeitikia vizuri. Sasa ameingia kuoga.

Simu iko hapa. Mimi nimeshika kalamu, kwa hiyo Dada ameishika sikioni kwangu. Nimetumia sauti ya ofisini. Binti wa simu ameuliza kama tuna uhakika.

Nimemwambia futa vyote viwili. Tunapanda tumesimama.