Ruhusa ya Haja Ndogo Mbele ya Nana

Jumatano, 4 Juni

Mzee Boadu, msemaji wa chifu wetu Nana, anang'atuka! Fimbo yake ya usemaji yenye kichwa cha dhahabu itamwendea mmoja kati ya wawili: mimi, au Agyeman fundi cherehani. Agyeman! Mtu anayesema mbele ya wakwe kwamba anakwenda kukojoa! Mimi haja ndogo peke yake nina majina kumi na saba ya kuistiri. Tutapimwa Jumapili kwenye baraza la Akwasidae, sikukuu yetu ya kila wiki sita. Serwaa, mke wangu, kasema nijipime kwanza kufunga mdomo.

Alhamisi, 5 Juni

Nimepata mpango. Barazani hatoki mtu bila ruhusa, na ruhusa huombwa kupitia kwa msemaji. Agyeman akibanwa ataropoka neno lake bila hata kutanguliza "sebe" ya kuomba radhi. Kwisha habari yake! Kazi ni kumfanya abanwe. Nimenunua tikiti maji kubwa kuliko kichwa cha Serwaa.

Nimetunga na sentensi yangu, endapo nitabanwa mimi. Sitabanwa. Ila ni tamu mno: "Sebe, Nana, kijito cha bondeni kinaomba kwa unyenyekevu kwenda kuzisalimu nyasi zilizokingoja tangu alfajiri." Nimeisoma mara tisa. Machozi.

Jumapili, 8 Juni, asubuhi

Agyeman kalifurahia tikiti hadi nikaona haya. Kidogo tu. Kisha akanikaribisha tule wote, na hapa kwetu kukataa ni kutangaza ugomvi. Nikala nusu nzima. Nusu yake akawagawia watoto. Wote sita!

Jumapili jioni

Aibu yangu! Nana yuko katikati ya habari za babu yake, nikabanwa. Nikakunja miguu. Wapi! Nikaanza sentensi. Mzee Boadu, kama ilivyo desturi, akawa anapokea kila kipande na kumfikishia Nana kwa mapambo. Nikasema kijito. Yeye akaongeza chemchemi yake, na mvua iliyoizaa, tone kwa tone. Tone kwa tone! Nikamsihi kwa macho. Akadhani namsifu, akaongeza maporomoko.

Kwenye nyasi hatukufika. Na nilivaa nyeupe.

Agyeman akanifunika kwa vazi lake mwenyewe, akasema, "Sebe, Nana, mwenzangu atoke kidogo." Maneno matano! Wazee wakaguna kwa kuridhika. Fimbo imekwenda.

Jumanne, 10 Juni

Agyeman kaja kunipa pole. Kasema siku nyingine nimwinulie kidole tu, atanisemea. Kidole! Mimi, mwenye majina kumi na saba!

Nimetafakari sana. Sentensi haina kosa. Kosa ni nguo. Nafasi ya msaidizi wa msemaji iko wazi, na baraza ni baada ya wiki sita. Nimempa Agyeman anishonee nyeusi. Serwaa anasema nyeusi ni ya msibani. Shauri yake.

Sentensi nimeirefusha. Nimetia na ile chemchemi.