Mapingamizi Kumi na Moja ya Mtoto Benita

Kwa heshima na taadhima, Jumuiya ya Wenye Vibanda wa Ghorofa ya Chini, hapa Fordsburg, ilitangaza mwezi Machi 2017 kwamba haki sasa imefika hadi mlango wa choo. Tuna Baraza la Nidhamu. Tuna Baraza la Rufaa. Tuna pia Kanuni ya Tisa: pingamizi ambalo hukulitoa papo hapo, likaandikwa, limekufa, na rufaa hailifufui. Mwandishi wa kumbukumbu ni mimi, Jeremia. Naandika kila kinachotamkwa, hata chafya.

Kesi ya kwanza ilikuwa nzito. Mwenyekiti wetu, Papa Octave, akihutubia kuhusu namna rasmi ya kukunja miavuli, mtoto Benita, umri miezi minane, alicheka. Adhabu iliyoombwa: mama yake, Masika, msusi, anyang'anywe kibanda cha mlangoni, ambacho ndicho kinachowalisha wote wawili.

Hakimu alikuwa Papa Octave mwenyewe, maana hakuna aliyeijua kesi vizuri kama yeye.

"Papa Président," Masika akaanza, "mi naomba niseme..."

"Non! Mushtakiwa ni mutoto. Wewe ni kiti yake tu. Kiti haisemake."

"Lakini papa, mutoto..."

"Eish! Kama ana pingamizi, apinge mwenyewe. Katibu, andika hiyo."

Nikaandika.

Akasoma shtaka. Benita akatoa kidole mdomoni.

"A-a!"

Nikaandika: saa nne na dakika kumi, mshtakiwa amepinga.

Papa Octave akamwita shahidi, yaani yeye. "A-a!" Akapendekeza kibanda apewe mtu mwenye heshima zake, akajitaja. "A-a! A-a!" Masika alimbembeleza, shh, mama yangu, nyamaza, nyamaza, na kwa bahati nzuri hakunyamaza. Mpaka hukumu inasomwa, tulikuwa na mapingamizi kumi na moja. Papa Octave alitia saini kila ukurasa bila kusoma.

Siku hiyohiyo akahamishia makava yake ya simu kibandani. Masika akawa anasukia wateja kwenye ngazi, mtoto mgongoni. Akakata rufaa.

Baraza la Rufaa ni mtu mmoja, Bi Happyness, fundi cherehani kutoka Tanga. Alivaa miwani, akasoma kurasa zote.

"Mwenyekiti, hakimu kuwa shahidi, mshtakiwa kapinga. Hakimu kujigawia kibanda, kapinga mara mbili. Kila pingamizi mahali pake. Wewe hukujibu hata moja."

"Mama Happyness! Ni mutoto! Hajue kusema!"

"Hilo ulilisema siku ya kesi?"

Bi Happyness akalowesha kidole, akafunua.

"Nililoliona hapa ni 'apinge mwenyewe.' Na saini yako hii."

"Lakini kila mutu anajua..."

"Kila mtu hayumo kwenye kumbukumbu, baba. Kanuni uliitunga wewe. Hoja yako imekufa, pole kwa msiba. Kibanda ni cha Masika."

Saa nane mchana Papa Octave alibeba maboksi yake manne, akipenya katikati ya wateja ambao tayari walikuwa wamepanga foleni ya kusukwa. Masika alimshikia mlango, mtoto kiunoni. Nilimfuata mwenyekiti na daftari mpaka kwenye robot ya kona, ndivyo huku tunavyoziita taa za barabarani, taa ikawa nyekundu, nikasimama naye, nikamsubiri aseme neno.

Nimeandika: hakupinga.