Enjeniere Valentin na Mashine Iliyosinzia

Kambi nzima ya wakimbizi ya Dzaleka ilikuwa na enjeniere mmoja tu, na kama ulikuwa hujui, Valentin mwenyewe angekuambia kabla hujamaliza kumsalimu. Shahada yake hakuna aliyeiona. Ilibaki nyumbani kwao Uvira, alisema, na Uvira ni mbali.

Siku hiyo alirudi kutoka Area 25, Lilongwe, na kidude chenye kioo cha namba. Unafunga sumaku kwenye gurudumu, kila mzunguko kidude kinapokea ishara moja, na kasi inaonekana kwenye kioo. Muuzaji alimwonya kwamba hakiwezi kupokea zaidi ya ishara kumi kwa sekunde; zikizidi, nyingine zinapita bila kuhesabiwa, na kadiri zinavyozidi ndivyo kinavyohesabu chache. Valentin alimjibu kwamba enjeniere hafundishwi dukani.

Moja kwa moja akaenda kwenye mashine ya kusaga ya Mama Nicole. Nicole alikuwa anaolewa kesho yake. Magunia ya mahindi yalijaa mlangoni, na mama wa watu alitaka kitu kimoja tu: unga wa bugali uwe tayari kabla wakwe hawajafika kutoka Likuni.

Valentin akafunga kidude chake, akawasha mashine. Namba ikapanda vizuri. Mashine ilipochanganya, namba ikaporomoka, maana ishara sasa zilikuwa zinapita mbele ya kidude kama waumini mbele ya kapu la sadaka.

"Mama, hii mashine yako iko nasinzia," alisema. "Naiongeza moto."

"Sikia vile iko nalia. Hiyo njo kusinzia?"

"Masikio inadanganya, Mama. Namba haidanganyi."

Akaongeza. Namba ikashuka tena, naye akafurahi kama daktari aliyeupata ugonjwa. Akaongeza mpaka mwisho! Kuta zikatetemeka, kuku wakahama mtaa, na kioo kikaonyesha mwendo wa kobe. Hapo mkanda wa mashine ukakatika, ukamchapa Valentin shavuni na kumlaza kwenye pumba.

Mkanda mwingine ungepatikana Lilongwe tu, na maduka yalikuwa yanafungwa.

Mama Nicole alikuwa ameshaona kwamba kidude kinashindwa na kasi, na hakupoteza muda kumtukana. Alitoa kinu, akamkabidhi mchi. Kisha akaifunga sumaku kwenye ule mchi, na kidude akakiegemeza kwenye kinu, kioo kikiwatazama watu.

Valentin alitwanga mpaka viganja vikachubuka. Asubuhi wakwe wakafika, wakamkuta bado anatwanga, mweupe kuanzia nywele mpaka kandambili. Wakauliza huyu ni nani.

"Njo enjeniere wetu," alisema Mama Nicole. "Muangalie ile namba. Kwa mwendo yake ya pole, haikosi kuhesabu hata moja."