Dashibodi ya Ndege Inayong'aa Kuliko Zote Nunguni

Jumatatu, 5 Agosti 2024

Ukungu tangu asubuhi. Nimemaliza bango la duka la mbegu: herufi nyekundu, kivuli cha njano. Kazi safi. Nikavuka barabara kwenda saiba ya Musyimi, duka lake la kompyuta, kutoa kopi, nikakuta watu wamejaa hadi mlangoni.

Kumbe Musyimi ametengeneza chumba cha rubani! Kiti cha gari kuukuu, usukani, kompyuta yenye mchezo wa kurusha ndege, na mbele yake dashibodi ya plaiwudi. Ametoboa matundu ya duara akaweka skrini nyuma, kwa hiyo geji zinacheza ndani ya matundu kama za ndege kamili. Mama mmoja wa sokoni alikuwa anatua Mombasa, macho yamemtoka. Watu wanapiga makofi.

Nikaangalia kwa jicho la fundi. Kijivu! Yote kijivu. Herufi ndogo kama za kwenye chupa ya dawa. Mimi nimeandika mabango miaka kumi na tisa. Nikamwambia Musyimi hata majeneza yana rangi nzuri zaidi. Akanijibu kwa upole kwamba ndege za kweli ndivyo zilivyo. Watu wakacheka. Walinicheka mimi!

Halafu likaja lenyewe. Jumamosi ni siku ya vijana kanisani, na mgeni ni Kapteni Nzisa, binti wa hapa hapa Nunguni, anayerusha ndege ndogo za mizigo. Ataijaribu kazi ya Musyimi. Akiipenda, itawekwa kwenye ukumbi wa kanisa likizo nzima, vijana wajifunze.

Nikasikia mdomo wangu ukisema kwamba mimi pia ninayo nyumbani. Tena kubwa zaidi. Pastor Mbithi alikuwa kwenye foleni ya kopi. Alifurahi sana, akaandika jina langu kwenye programu.

Sina.

Jumanne, 6 Agosti

Plaiwudi nimeipata: mgongo wa kabati la nguo. Katunge, mke wangu, akauliza mbona sweta zake zinaangukia nyuma. Nikamweleza habari za urubani. Akasema, "Baba Mbula, wewe hujawahi hata kupanda ndege."

Nikamkumbusha kwamba sijawahi kukutana na papa wa baharini, na bado nilichora papa kwenye ukuta wa hoteli moja kule Mtito Andei, na madereva wa malori husimama kumpiga picha. Akasema husimama kwa sababu hawaelewi ni papa au ni mbuzi.

Nikaendelea. Matundu nimeyapima kwa vifuniko vya sufuria. Nikasimamisha televisheni nyuma, nikawasha video ya geji za ndege. Aiya! Geji ya kimo ilionekana nusu. Geji ya mafuta ilikaa katikati ya matundu mawili, haionekani kabisa. Kwenye tundu kubwa kuliko yote hakukuwa na kitu.

Nikafikiri kwa chai vikombe viwili. Jibu likaja. Televisheni ya nini? Nitaziba matundu na kuzichora geji zote kwa mkono. Geji iliyochorwa haisumbui mtu.

Jumatano, 7 Agosti

Siku nzuri kuliko zote mwaka huu. Nimechora tangu asubuhi hadi kuku walipoingia bandani. Geji thelathini na moja! Musyimi ana tisa. Mandhari ya kijani, mizunguko ya dhahabu, na kila geji ina ua dogo katikati.

Mafuta: yamejaa. Injini: iko sawa. Kimo: futi elfu tisa, hewa safi. Kuna ile geji inayoonyesha anga na ardhi, nusu bluu na nusu kahawia. Nikaweka kahawia juu. Imependeza zaidi karibu na ile dhahabu.

Kitu kimoja tu nilitaka kiwe halisi, ndio watu waamini vingine. Ndolo wa bucha alikuwa na mizani mbovu. Nimeing'oa sahani yake ya namba pamoja na mshale, nikaipigilia mahali pa kasi. Mshale unacheza ukigusa meza. Mwendo wa mwisho: kilo ishirini na tano.

Alhamisi, 8 Agosti

Nimekwenda kupeleleza. Kofia ya shemeji, miwani ya jua, koti lililogeuzwa ndani nje. Nikaingia saiba kimya kimya.

Musyimi akasema, "Karibu Mzee Ndululu, leo kuna baridi, eh?"

Akanikalisha mwenyewe. Nilipaa vizuri, nikaingiza ndege kwenye hoteli ya orofa sita. Hakunicheka. Lakini macho yangu hayakuwa kwenye hoteli. Niliona siri yake: kando ya swichi rangi imechakaa kidogo, kama iliyoguswa na vidole miaka mingi, na kwenye misumari kuna vumbi. Nikamuuliza kana kwamba mimi si mimi. Akanieleza yote, mjinga yule! Ati ndege hushikwa na mikono mingi, na kitu kilichotumika ndicho jicho huamini.

Nikakimbia nyumbani. Nikachukua msasa. Nikazeesha swichi moja, ikapendeza. Nikazeesha zote. Kufika saa sita hakuna herufi hata moja iliyobaki, ila "MAGU" upande huu na "FUTA" upande ule.

Nimeandika upya kutoka kichwani. Nadhani kila jina limerudi mahali pake. Angalau mengi.

Ijumaa, 9 Agosti

Vanishi nimepaka mara tatu! Sasa inang'aa hadi unaona meno yako kwenye kila geji. Katunge akasema kwa baridi hii ya Nunguni haitakauka kabla ya Jumatatu. Nikamwambia ndege hukaushwa na upepo. Akauliza upepo gani, ndani ya chumba cha kulala. Nikaweka jiko la makaa karibu. Majivu yamenata upande wa kushoto.

Tazama sasa: uzee wa kweli, wala sikutumia msasa.

Jumamosi, 10 Agosti

Niandike yote kabla sijasahau.

Tuliibeba mimi na Katunge, yeye amevaa glavu. Ukumbi umejaa. Musyimi upande ule na kijivu chake, mimi upande huu na dhahabu. Watu walikuja kwangu kwanza! Waliiangalia wakitengeneza nywele.

Kapteni Nzisa akaingia. Mwanamke mfupi, mtulivu, shati jeupe kama karatasi. Akaketi kwa Musyimi. Akagusa swichi, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akasema hata akifumba macho mkono wake unajua pa kwenda. Akapaa. Roho yangu ikashuka yeye alipokuwa akipanda. Nilimtazama Katunge, naye akaacha kunicheka, akanishika mkono.

Halafu stima ikapotea.

Geji zote tisa za Musyimi zikawa matundu meusi. Zangu thelathini na moja: hakuna iliyotetereka! Nikasimama. Nikasema kwa sauti, "Kapteni, kwangu bado tunaruka!"

Akaja akicheka. Akaketi, akaegemeza kiwiko, akazipitia geji moja moja. Akaniuliza kwa heshima, "Mzee, mbona tunaruka kichwa chini?" Ile kahawia juu ndiyo ardhi; kumbe ina mahali pake. Akauliza kwa nini swichi ya magurudumu imeandikwa TAA. Akauliza kilo ni za nini. Alipoinua mkono, shati likakataa kutoka. Lilipotoka, lilikuja na neno BREKI, limegeuzwa kama kwenye kioo.

Ukumbi ulicheka hadi Pastor Mbithi akakaa chini. Mimi nilitafuta mlango kwa macho.

Lakini Kapteni hakusimama. Aligeukia vijana akawaambia wasogee, kwa sababu hapa kuna somo. Geji inayocheza huwezi kuieleza vizuri, alisema, ila hii imetulia. Akaanza na kalamu: hii ni ya kimo, hii ya kasi, hii inakuambia kama uko wima. Kisha akawaambia watafute makosa. Vijana walirundikana! Mikono juu, kelele, kila mtu anaeleza mwenzake jinsi ndege inavyoruka. Waliyapata kumi na sita. Katunge akapata la kumi na saba: nimechora geji ya mafuta mara nne, na moja inasema tupu.

Kapteni akasema, "Nimerusha ndege miaka kumi na minne. Sijawahi kuona dashibodi yenye mengi ya kufundisha hivi."

Ameamua zote mbili zibaki ukumbini. Kwanza vijana wapitie kwangu, halafu warushe kwa Musyimi. Kwanza kwangu! Musyimi akanipa mkono, akasaidia kuisogeza ukutani. Sasa naye ana BREKI kwenye koti.

Jumatatu, 12 Agosti

Jua limetoka. Katunge amepika muthokoi wa mahindi na maharagwe, na anawasimulia majirani habari ya geji ya mafuta kana kwamba aliichora yeye.

Asubuhi Musyimi ameniletea bahasha kutoka kwa Kapteni. Ndani mna picha nane za dashibodi za ndege halisi, na barua fupi ya kunishukuru. Ameandika kwa adabu: rangi isiyong'aa ili macho yasichoke, herufi zilezile kila mahali, na kisiwepo kitu ambacho rubani hakihitaji. Musyimi akasema tukitaka tunaweza kutengeneza ya pili pamoja, yeye apime, mimi nichore.

Nimezitazama picha hizo nane kwa makini, moja baada ya nyingine. Nimesikitika kidogo. Watu wenye akili ya kupaisha chuma, na hakuna fundi wa rangi hata mmoja wa kuwashauri! Nimewaandikia waliounda ndege hizo kurasa tatu, pamoja na mchoro. Nimeanza na mambo madogo, nisiwavunje moyo: dhahabu pembeni, na ua.

Nimewaambia wakinihitaji waje siku yoyote isipokuwa Jumapili.